Uchafu Haupotei kwa Kuhamishwa

Tumezoea kusema kwamba maji machafu yatupwe mbali. Lakini mbali ni wapi? Kwa mtu akaaye kilimani swali hili laonekana dogo, maana uchafu wake huteremka na mvua asiuone tena. Katika nchi ya Bangladeshi swali hilo hilo limewagharimu watu wengi afya yao, na wengine uhai.

Sehemu kubwa ya Bangladeshi ni delta, yaani nchi tambarare iliyofanyika kwa matope yaletwayo na mito mikubwa, hasa Ganges na Brahmaputra, ikaribiapo baharini. Ardhi nyingi huko haifiki mita 10 juu ya usawa wa bahari. Udongo una rutuba, watu ni wengi, na maji yako kila upande. Ila hayana mteremko wa kuyakimbiza. Anachomwaga mmoja asubuhi, jirani yake hukikuta jioni.

Mwaka 1951 mji wa Dhaka ulikuwa na watu wasiotimia nusu milioni. Leo jiji hilo pamoja na viunga vyake lina zaidi ya milioni 20. Wengi walitoka vijijini, wakifukuzwa na mafuriko na mito ilayo kingo zake, au wakifuata kazi katika viwanda vya nguo. Mabwawa yaliyokuwa yakipokea maji ya mvua yamefukiwa ili kupata viwanja, na maskini wamejenga vibanda pale penye maji yaliyotuama.

Katika mtaa wa Hazaribagh palikuwa na viwanda vya ngozi zaidi ya 150. Maji yao, yenye kromi na dawa nyingine kali, yalimiminika katika mto Buriganga. Mahakama iliamuru viwanda hivyo viondoke, na siku ya kuhama ikaahirishwa mara nyingi. Hatimaye Aprili 2017 vikakatiwa umeme na maji, navyo vikahamia Savar, kando ya mto Dhaleshwari. Bahati mbaya, mtambo wa kusafishia maji machafu huko ulikuwa haujakamilika. Basi mto mmoja ukapumzishwa kidogo, wa pili ukaanza kuugua! Sisi twasema wazi kwamba huko si kusafisha. Ngozi hizo huuzwa hata ng'ambo, na unafuu wa bei ya kiatu, kwa sehemu, hulipwa na mvuvi wa Dhaleshwari asiyekivaa.

Jiji nalo, likiisha kuichafua mito yake, limetafuta maji chini ya ardhi. Kwa muda mrefu limetegemea zaidi visima virefu, na katika sehemu nyingi za Dhaka maji hayo yameshuka zaidi ya mita 2 kila mwaka, kwa kuwa yavutwa upesi kuliko mvua iwezavyo kuyarudisha kupitia ardhi iliyofunikwa kwa saruji na lami.

Kukimbilia chini ya ardhi kulianza zamani, tena kwa nia njema. Watoto wengi walikufa kwa kipindupindu na kuhara kwa kunywa maji ya vidimbwi. Ndipo, hasa tangu miaka ya 1970, serikali ikisaidiwa na UNICEF ilipoeneza visima vya pampu ya mkono. Maji yakatoka maangavu na baridi, na wazazi wakashukuru. Hakuna aliyeyapima kama yana arseniki. Sumu hiyo imo katika matope yenyewe yaliyotoka milima ya Himalaya. Pasipo hewa ardhini, vijidudu huiachilia kutoka katika chembe za kutu ya chuma, ikaingia majini bila rangi, harufu wala ladha. Huchukua miaka kumdhuru mtu: kwanza madoa meusi ya ngozi na viganja kuwa vigumu, kisha saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Ilithibitishwa Bangladeshi mwaka 1993. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa katika hatari. Wasichana wenye madoa walikosa wachumba, kwa kuwa watu walidhani ni ukoma. (Wenzetu wa Arusha na Meru, ambao floridi ya majini hutia meno ya watoto wao rangi ya kahawia, hawahitaji kuhubiriwa kwamba maji maangavu yaweza kuwa na madhara.)

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu. Miaka miwili baadaye alifika Dhaka mwenyewe. Lakini haki hiyo hutimizwaje mahali ambapo mto una kromi na kisima kina arseniki?

Kazi moja ya maana ilifanyika. Visima vinavyokaribia milioni 5 vilipimwa, pampu zikapakwa rangi: kijani kwa maji yafaayo, nyekundu kwa yenye sumu. Akina mama wengi wakaanza kuteka maji kwa jirani mwenye pampu ya kijani, naye jirani akawaruhusu, ingawa ua wake ulijaa ndoo tangu alfajiri. Wengine hawakuweza, kwa umbali au kwa ugomvi wa ukoo. Tena visima vingi vimechimbwa tangu hapo na watu binafsi wala havikupimwa. Na kwa mvua na jua la miaka hii yote rangi za zamani zimefutika, hata bibi arusi mgeni kijijini hawezi kujua ni pampu ipi iliyokuwa nyekundu.