Silikoni Inayokataa Maji

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, mkazi wa Kibokoni, Mombasa. Kifaa chetu cha silikoni chenye vijifereji vyembamba kilitiwa katika plazma, kikayavuta maji vizuri mno. Baada ya siku chache maji yakagoma kuingia. Sababu ni ipi?

JIBU: Silikoni kwa tabia yake yakataa maji, kwa kuwa uso wake umejaa vikundi vya methili visivyo na ulfa nayo, hata tone liuangukialo hujikusanya kama juu ya jani la myugwa, likifanya pembe ipatayo digrii 110. Plazma ya oksijeni, yaani hewa iliyopigwa umeme hata chembe zake zikatengana, huviondoa vikundi hivyo na kuweka mahali pake haidroksili zipendazo maji. Basi pembe hushuka chini ya digrii 20, na maji huingia pasi na kusukumwa. Haidroksili hizo hizo ndizo ziishikamanishazo silikoni na kioo kwa kifungo imara, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida iliyo kuu.

Lakini hali hiyo haidumu, kwani minyororo mifupi ya silikoni isiyofungamana hupanda kutoka ndani ikaufunika uso, na joto kama hili la pwani yetu huiharakisha. Wala msizidishe muda wa plazma, kwani uso hupasuka na kurejea kukataa maji upesi zaidi. Kishikamanisheni kifaa na kioo mara kitokapo katika plazma, kisha vijazeni vijifereji maji safi papo hapo, wala msiviache vikauke hadi saa ya kazi.