Jirani na Mshirika: Somo la Shufaa

Katika mitihani ya fiqhi wengi huandika kuwa jirani na mshirika ni kitu kimoja. Si kimoja, na kosa hilo likiingia kwenye hati ya mauziano huzaa ugomvi wa miaka.

Tazameni mashamba yetu ya Kasulu na Kibondo. Shamba lako la maharage na la mwenzako yakitenganishwa na mstari wa minyaa, mmepakana: nyinyi ni majirani. Lakini ndugu wawili waliorithi shamba la migomba wala hawajaligawa, hao ni washirika. Hakuna awezaye kusema mgomba huu ni wangu peke yangu.

Hapa ndipo inapokuja shufaa (msiichanganye na uombezi wa Siku ya Kiyama). Ndugu mmoja akimuuzia mtu wa nje sehemu yake, aliyebaki ana haki ya kuichukua kwa bei ile ile ya mnunuzi. Afanye haraka! Katika madhehebu yetu ya Shafi, akijua kisha akanyamaza bila udhuru, haki imempotea. Jirani wa ng'ambo ya minyaa hana shufaa, kwani Hadithi ya Jabir (r.a.) katika Bukhari yaeleza kuwa mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa, shufaa haipo. Imam Abu Hanifa humpa hata jirani aliyegusana, ila baada ya mshirika wa mali na mshirika wa njia au maji.

Hata hivyo Abu Rafi (r.a.) alimwachia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) vyumba vyake viwili vilivyokuwa ndani ya ua wa Saad kwa dirham 4,000 za mafungu, ilhali mtu mwingine alikwishampa bei ya dinari 500. Alifanya hivyo kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akitaja haki ya jirani.

Walio sekondari wakumbuke: kwa Kiingereza "adjoining" ni vilivyogusana, "adjacent" huweza kuwa karibu tu, hata barabara ikipita katikati.

Mkimwandikia mzee hati, tajeni pande zote nne na nani anapakana nazo, na washirika wote kama wapo. Kisha ipelekwe Halmashauri ya Kijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka idhini yake.

Zoezi: Ndugu watatu wamegawana shamba na kupanda minyaa, ila kisima bado ni chao wote. Mmoja anauza. Shafi atasemaje, na Abu Hanifa je?