Kidoa Kinachofichwa: Usafi wa Darasa la Jiu-jitsu na Malezi ya Mtoto Anayejifunza

Mtoto wa miaka tisa anayejifunza jiu-jitsu akiona kidoa cha duara mkononi, jambo la kwanza linalomjia si dawa. Huwaza kwamba akikionesha atatolewa mazoezini mbele ya wenzake. Kwa hiyo hushusha mkono wa vazi lake na kunyamaza, na baada ya majuma mawili wenzake kadhaa wanajikuna. Kanuni za usafi zisizomfikiria mtoto huyu hushindwa, hata zikibandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Jiu-jitsu, kama judo na mieleka, ni mchezo wa kukabana. Ngozi husuguana, jasho huchanganyika, na michubuko midogo ya shingoni na magotini hufungua njia kwa vimelea. Nchini Japani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, fangasi aina ya Trichophyton tonsurans walienea miongoni mwa wanafunzi wanaocheza judo. Baadhi yao walibeba vimelea kichwani bila dalili yoyote. Ndiyo sababu kumtazama yule anayejikuna peke yake hakutoshi.

Klabu inayoanza Butiama huenda isiwe na mikeka ya kiwandani. Turubai lililotandazwa juu ya pumba za mpunga linafaa, mradi halijachanika, kwa maana mpasuko huhifadhi uchafu ambao hakuna kitambaa kitakachoufikia. Kwanza turubai lisuguliwe kwa maji na sabuni, kwani uchafu huidhoofisha klorini. Kisha dawa ya klorini ya madukani, ikiwa ina nguvu ya asilimia 3.5, ichanganywe kiasi cha mililita 150 katika lita 5 za maji safi. Mchanganyiko huo uachwe juu ya turubai kwa dakika 10, ufutwe kwa maji, na turubai likaushwe. Usichanganywe na sabuni ya chooni wala dawa nyingine ya usafi, kwa sababu huweza kutoa hewa ya sumu. Damu ikidondoka, mchezo usimame, na mahali hapo pasafishwe kwa mchanganyiko mkali ambao watoa huduma wanaufahamu, yaani sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji.

Vazi la mazoezi hufuliwa kila baada ya darasa na kuanikwa juani. Wakati wa masika, lisipokauka, ni afadhali mtoto avae fulana safi kuliko vazi lenye unyevu wa juzi. Taulo haliazimwi. Mashine ya kunyolea nayo ina sehemu yake katika habari hii: vichwa kumi vikinyolewa kwa mashine moja isiyosafishwa, mapunye hupita darasa zima bila mtu kugusa mkeka.

Kuoga mara baada ya mazoezi ni kinga kubwa, lakini katika vijiji vya Musoma na Bunda vilivyo kando ya Ziwa Victoria ushauri huo una mtego. Mtoto akiambiwa “nenda ukaoge” hukimbilia ziwani, na ziwa hilo lina kichocho. Akikwepa fangasi kwa njia hiyo huweza kurudi na minyoo inayoharibu utumbo na ini. Maji ya ziwa yakichotwa na kuachwa katika chombo kilichofunikwa kwa saa 48, bila konokono ndani yake, vimelea vya kichocho hufa, na hapo maji yanafaa kuogea. Klabu yenye pipa mbili za kupokezana imekwisha kulitatua jambo hili.

Kidoa cha fangasi kwa kawaida huwa cha duara, chenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakianza kupona. Vidoa vichache mwilini hutibiwa kwa dawa ya kupaka kama klotrimazoli. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake, bali yanahitaji vidonge. Griseofulvini, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto, hutolewa kwa wiki 6 hadi 8 na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Wapo wazazi wanaonunua krimu yenye betamethasoni. Mwasho hutulia siku mbili tatu, ukingo wa kidoa hufifia, na fangasi huendelea kusambaa chini ya utulivu huo hata mtoa huduma ashindwe kuutambua ugonjwa.

Kwa watoa huduma kuna tahadhari moja zaidi. Uvimbe laini wenye usaha kichwani, uliozungukwa na nywele zinazong’oka kwa urahisi, huweza kuwa mapunye yaliyokomaa wala si jipu. Kuupasua hakumsaidii mtoto, naye huweza kubaki na kovu lisiloota nywele. Aidha, mzazi akishuku VVU kwa sababu ya mapunye tu, aelezwe kwamba ugonjwa huu huwapata watoto wenye afya njema kabisa.

Mwongozo wa mieleka ya shule nchini Marekani humrudisha mchezaji baada ya saa 72 za matibabu kwa fangasi wa mwilini, na siku 14 kwa fangasi wa kichwani. Majipu na vidonda vya bakteria huhitaji saa 72 za antibayotiki, pasiwe na usaha wala kidonda kipya katika saa 48 za mwisho.

Siku 14 ni nyingi kwa mtoto. Zikiwa siku za kufukuzwa, kidoa kijacho kitafichwa. Kocha mwenye busara humwita mtoto aje vilevile, akae pembeni ya mkeka, ahesabu pointi, ajifunze kwa kutazama na kufanya viungo peke yake. Ukaguzi uwe wa wote kabla ya kila darasa, akiwemo kocha mwenyewe, na uishie mikono, miguu, shingo na kichwa, mbele ya mtu mzima mwingine. Sehemu nyingine za mwili hukaguliwa nyumbani na mzazi wakati wa kuoga. Anayeonesha kidoa mwenyewe ashukuriwe kwa sauti ya kawaida, bila kutajwa mbele ya wenzake.

Zahanati nayo humsaidia kocha ikiwa cheti cha mtoto hakiishii kwenye maneno “apumzike”, bali kinataja tarehe ya kurudi kukabana na mazoezi anayoruhusiwa kufanya hadi siku hiyo.