Matao na Vidani: Maswali kwa Sonara

Swali: Msafiri aliyestaajabishwa na jengo la kale aanzie wapi akitaka kulitolea kidani cha dhahabu?

Jibu: Aweke kamera kando kwanza. Kwa kuwa picha hunasa kila kitu kwa mara moja, na sonara hana haja ya kila kitu, ni heri aketi na kalamu ya risasi, achore mstari mmoja tu uliomvutia, kisha arejee alasiri, jua lilipokwisha kupinda, atazame vivuli vimehamia wapi. Maana dhahabu, sawasawa na ukuta wa matumbawe, haipendezi kwa umbo lake peke yake bali kwa namna inavyogawanya nuru na kivuli.

Natoa mfano wa Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa juu ya genge lielekealo bahari huko Kilwa Kisiwani, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Ndani yake mna birika ya kuogea yenye pande nane. Mwanafunzi asiye na subira ataiiga birika nzima, jiwe kwa jiwe, apate kitu kizito kisichovalika shingoni. Lakini mwenye basira atachukua zile pande nane tu, atazikata kingo zake kwa mshazari ili nuru izunguke toka upande hadi upande, na katikati ataacha wazi, kwa sababu uzuri wa birika ile ni uwazi wake uliozungukwa na mawe.

Swali: Nakshi kubwa za ukutani hupunguzwaje zikaenea katika herini?

Jibu: Hesabu peke yake haitoshi. Tao lipitalo kimo cha mtu, likishapunguzwa hata likalingana na ukucha, maua na misokoto yake yote hugandamana yasitambulikane. Kwa hiyo mimi hutupa zaidi ya nusu ya nakshi kabla sijagusa nta. Sanamu ya nta huzungushiwa jasi, nta ikayeyushwa kwa moto ikatoka, na dhahabu ikamiminwa mahali pake; kisha huja tupa na kung'arisha, na hapo ndipo mistari myembamba mno hufutika, hata mchoraji akaghadhibika bure.

Swali: Karati ngapi zafaa?

Jibu: Kwa kazi yenye kingo kali, 18, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika 1000. Ile ya 22 waipendayo mama zetu ni laini, na kingo zake hulika upesi, ingawa kwa bangili sioni mfano wake.

Swali: Je, pete ya tanzanaiti?

Jibu: Sishauri kwa pete ya kila siku. Kito hicho, kilichogunduliwa Mererani mwaka 1967, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, hali yakuti hufika 9. Tena hupasuka kikigongwa. Kiwekwe katika herini au kidani.

Swali: Nimeuona mihrabu wa msikiti wa Kizimkazi, Unguja, na maandishi yake ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Je, naweza kuzichora aya zake katika pete?

Jibu: Mkono uendao kila mahali, chooni na jikoni, haustahili kubebeshwa aya, na wengi miongoni mwa wateja wangu huivua pete yenye jina la Mola kila waingiapo msalani, mpaka siku moja wakaisahau huko. Chukua mpindo wa tao lake. Huo peke yake watosha kwa kidani kizima, na maandishi yabaki ukutani. Msikiti ule ungali ukisaliwa hata leo. Basi atakaye kuchora na aombe idhini kwa wasimamizi wake, na afike nje ya nyakati za sala.