Ukihama Kijijini, Presha Inapanda Lini?

Wanachuo wenzangu, kuna kauli imeshazoeleka mpaka inaingia kwenye mihadhara: kwamba presha, kisukari na kiharusi ni "magonjwa ya mtindo wa maisha". Ukiisikiliza vizuri, mara nyingi anayeisema anamaanisha mgonjwa kajitakia. Kala sana, kakaa sana, kanywa sana. Sisi tunaosomea ualimu tutakuja kuisema mbele ya watoto wa kidato cha pili, na watoto wataipeleka nyumbani kwa bibi anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi. Kwa hiyo kabla hatujaifundisha, tuangalie utafiti wenyewe unasema nini. Bahati nzuri sehemu kubwa ya hadithi hii imefanyika kuzunguka Ziwa hili hili tunaloliona kutoka Malimbe.

Tuanze mwaka 1929. Daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alikuwa anafanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kenya. Aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba kwa muda wa kama miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakuna hata mmoja aliyegundulika kuwa na presha. Akaenda mbali zaidi, akapima watu 1,000 wa eneo lile. Vijana vipimo vyao vilifanana tu na vya vijana wa Ulaya. Tofauti ilikuja kwa wazee: Ulaya presha ilikuwa inapanda kadiri umri unavyokwenda, lakini hapa baada ya miaka 40 haikupanda, tena ilielekea kushuka.

Sasa hapo msomaji makini anainua mkono. Hospitali ya mwaka 1929 nani alikuwa anafika? Mzee aliyeanguka ghafla na kupooza upande mmoja, je, alibebwa kwenda kwa daktari wa serikali au alibaki nyumbani wakasema karogwa? Takwimu za hospitali zinahesabu waliofika, basi. Ndiyo maana wale 1,000 aliowapima wana uzito kuliko wale 1,800 waliolazwa.

Turuke hadi miaka ya 1980. Profesa Donald McLarty na wenzake walipima sukari kwa watu zaidi ya 6,000 kwenye vijiji sita vya Tanzania, watu wa miaka 15 na kuendelea. Waliochapisha mwaka 1989 walisema wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Halafu mwaka 2012 ukafanyika utafiti wa kitaifa, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ikishirikiana na Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani. Humo kisukari kikawa asilimia 9.1, na presha kama asilimia 26, yaani zaidi ya mtu mmoja kwa kila wanne.

Kutoka chini ya 1 hadi 9! Hapa ndipo wengi wetu tunapoandika kwenye asainimenti kwamba kisukari kimeongezeka mara tisa, tunapata alama zetu tunaondoka. Lakini tulia kidogo. Utafiti wa kwanza ulichukua watu wa vijijini, wa pili nchi nzima pamoja na miji. Wa kwanza ulianzia miaka 15, wa pili ulichukua watu wa miaka 25 hadi 64, na kisukari cha ukubwani kinawapata zaidi waliovuka utu uzima. Ukiwaondoa vijana kwenye hesabu, asilimia inapanda hata kama hakuna kilichobadilika. Kwamba ugonjwa umeongezeka, hilo halina ubishi mkubwa. Umeongezeka mara ngapi, namba hizo mbili peke yake haziwezi kukuambia.

Na hata tukikubali kwamba mjini kuna presha nyingi kuliko kijijini, bado hatujui kwa nini. Inawezekana mji unapandisha presha. Inawezekana pia watu wanaohamia mjini ni tofauti tangu mwanzo: wenye haraka, wenye wasiwasi, au walioshiba zaidi kwao. Ukipima watu wa Kirumba leo na watu wa kijiji cha Magu leo, ukalinganisha, huwezi kuyatenganisha haya mawili. Umepiga picha moja tu, na picha haionyeshi nani alitoka wapi.

Dawa yake ni kumfuata mtu. Kulifanyika utafiti wa namna hiyo kwa Waluo, uliochapishwa mwaka 1990 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Aliouongoza ni Neil Poulter, na miongoni mwa wenzake walikuwamo M. Mugambi na Geoffrey Rose, ambaye nitamrudia. Walichukua vijana wa miaka 15 hadi 34 waliokuwa wanatoka vijijini, kaskazini mwa Ziwa, kwenda Nairobi kutafuta maisha. Waliohama walikuwa 325. Wakatafuta wengine 267 waliobaki nyumbani, wa umri na jinsia zinazolingana, wawe kundi la kulinganisha. Wakawapima tena na tena kwa muda wa hadi miaka miwili: presha, uzito, mapigo ya moyo, na mkojo.

Kwa nini mkojo? Kwa sababu ukimuuliza mtu anakula chumvi kiasi gani atakujibu "kawaida". Mkojo haubahatishi. Chumvi ina sodiamu, na sehemu kubwa ya unayokula inatokea huko. Potasiamu nayo, ile inayopatikana kwenye mboga za majani, maharage, ndizi na viazi, inapimwa humo humo. Hivyo ukipima sodiamu dhidi ya potasiamu unapata picha ya sahani ya mtu bila kuingia jikoni kwake.

Majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Presha ya juu, ile namba ya kwanza inayosomwa, ilikuwa imeshapanda kwa waliohama kuliko kwa waliobaki mapema kabisa, ndani ya miezi ya mwanzo. Siyo uzeeni, siyo baada ya kitambi. Mapema! Namba ya pili ilianza na tofauti ndogo, ikazidi kupanuka kadiri muda ulivyokwenda. Kwenye mkojo, sodiamu ilikuwa juu dhidi ya potasiamu kwa wale wa mjini. Na lile swali letu la watu tofauti tangu mwanzo walilijibu pia: kati ya waliopimwa kijijini, waliokuja kuhama baadaye hawakuwa na presha tofauti na ambao hawakuhama. Kwa hiyo kilichobadilika kilibadilika baada ya safari.

Kuna jambo moja zaidi, nalo halizungumzwi sana. Presha haikupanda kwa wachache walafi huku wengine wakibaki salama. Ukichora vipimo vya waliohama kwenye grafu, kilima chote kimesogea kulia. Aliyekuwa chini kapanda kidogo, wa katikati kapanda kidogo, aliyekuwa karibu na mpaka kavuka. Kundi zima lilihama, siyo kwa miguu tu.

Hapo sasa namrudia Rose. Mwaka 1985 aliandika makala maarufu sana kwenye fani ya epidemiolojia, na mfano wake mkubwa ulikuwa wa kulinganisha presha za wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na za watumishi wa serikali wa London. Hoja yake ni hii: swali la kwa nini mtu huyu ana presha ni tofauti kabisa na swali la kwa nini jamii hii ina presha nyingi. La kwanza linajibiwa kwa kutazama urithi, mwili na tabia za huyo mtu dhidi ya jirani yake. La pili huwezi kulijibu ukikaa ndani ya jamii hiyo, kwa sababu kinachowapandisha wote hakionekani. Wote wanakula mkate ule ule wenye chumvi, wote wanakaa ofisini, nani atamshuku mwenzake? Mpaka uwaweke pembeni ya wafugaji wa Kenya ndipo unaona.

Tuyalete haya Mwanza. Mtu anasema, "Sisi watu wa Ziwa tunakula samaki, tuko salama." Kuna utafiti wa mwaka 1996, wa Lugalawa, uliolinganisha wanakijiji wanaokula samaki kando ya Ziwa Nyasa na wenzao wa milimani wanaokula zaidi mimea. Wala samaki walikuwa na presha ya chini. Sawa, lakini wale walikula samaki kwa wingi kila siku. Samaki wetu mkubwa, sangara, minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wa uswahilini wamezoea mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani. Kuishi karibu na Ziwa na kula kutoka Ziwani ni vitu viwili.

Angalia pia sahani ya mwanachuo. Mtoto wa Kisukuma amekulia kwenye viazi vitamu, michembe, maharage na mlenda. Anafika mjini, boom likiingia anakula chipsi mayai na soseji, boom likikata anakula tambi za pakiti. Chipsi zenyewe zinanyunyiziwa chumvi kabla hujaziona, na kopo lingine linakusubiri mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, tena hapo umehesabu iliyofichwa ndani ya soseji na tambi. Nani kachagua? Karibu na geto, saa tatu usiku, baada ya kipindi cha mwisho, kinachouzwa ni kile. Michembe huipati. Kumwambia huyu kijana "badilisha mtindo wa maisha" ni kama kumwambia abiria abadilishe njia ya daladala.

Sisemi mtu binafsi hana la kufanya. Anaweza kuacha lile kopo la mezani, anaweza kupima. Watafiti wa Mwanza wameshapima hata wanafunzi wa sekondari na kukuta baadhi yao presha tayari iko juu, na presha haiumi, hivyo bila kipimo huijui. Ninachokataa ni kuliacha swali la pili.

Tena kuna uzembe mwingine unaojificha nyuma ya neno "kujitakia", nao ni wa huduma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikagua vituo vya afya vya kaskazini magharibi mwa Tanzania, ukakuta vile vya chini, hasa zahanati, havijajiandaa kwa presha na kisukari kama vilivyojiandaa kwa UKIMWI. Kwa UKIMWI kuna kliniki, kadi, mafunzo na dawa. Kwa presha mzee anaambiwa apunguze chumvi, arudi mjini akitaka vidonge. Na Bugando, watafiti walipofuatilia vifo vya watu wazima waliolazwa, magonjwa yatokanayo na presha yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa.

Nimalizie na zoezi, maana bila zoezi somo halijaisha. Tuseme tunataka kurudia utafiti wa Waluo kwetu sisi, mwaka wa kwanza. Tungewapima lini? Siku ya usajili tumeshachelewa, wengine wana wiki mbili mjini kwa mjomba. Ingebidi tuwafuate kwao Sengerema, Ukerewe na Magu mara tu majina ya waliochaguliwa yanapotoka, kisha tuwapime tena baada ya mwezi, muhula, mwaka. Mfano wa kufuatilia watu kwa miaka tunao jirani, Kisesa, ambako wakazi wanafuatiliwa na watafiti tangu 1994. Mashine za kupimia siyo tatizo kubwa.

Tatizo ni kundi la kulinganisha. Mwaka 2012 na 2013, NIMR na wenzao wa Uganda na London walipima watu wazima wa mijini na vijijini, kaskazini magharibi mwa Tanzania na kusini mwa Uganda, na presha ndiyo iliyoongoza kati ya magonjwa yasiyoambukiza waliyoyatafuta, vijijini nako ikiwa nyingi. Maana yake wale wenzetu waliobaki nyumbani, ambao tungewategemea watuonyeshe presha ya mtu asiyehama, siyo wale wa Poulter tena. Na wengine wao, ukifika senta jioni, utawakuta wamesimama nyuma ya karai la chipsi.