Ndege Hukuacha Ukiwa Bado Bariadi

Mtu akiachwa na ndege Mwanza, mara nyingi aliachwa jana yake, sebuleni Bariadi. Aliisoma tiketi vibaya, au alifunga chupa ya asali kwenye begi la mkononi, au aliamini neno la kondakta kwamba gari linaondoka sasa hivi. Sisi wa Simiyu tuna pamba, tuna dengu na choroko, tuna lami mpaka Lamadi, lakini ndege ya ratiba ya kwenda Dar es Salaam tunaifuata Mwanza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, na sehemu yake kubwa itabaki huko huko.

Hatua ya kwanza: isome saa ya tiketi kwa Kiswahili

Tiketi haijui saa zetu. Inahesabu kuanzia usiku wa manane, saa 00:00, mpaka 23:59. Ikiandikwa 07:30, ni saa moja na nusu asubuhi. Ikiandikwa 13:40, ni saa saba na dakika arobaini mchana. Chukua kalamu, uandike saa ya Kiswahili pembeni ya ile iliyochapwa, kisha mpe mtu mwingine aisome bila kumwambia wewe umeandika nini.

Mtego mkubwa uko kwenye safari za nje, ambazo nyingi huruka usiku. Tiketi ikisema tarehe 14, saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Ukiondoka Bariadi asubuhi ya tarehe 14, ndege imeshatua Uarabuni na wewe bado unatafuta chai pale stendi.

Hatua ya pili: majina yafanane, herufi kwa herufi

Hapa Wasukuma tuna tatizo letu wenyewe. Ng'wandu wa cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa Mwandu kwenye kitambulisho cha NIDA na Ngwandu kwenye tiketi, maana mifumo ya tiketi haina nafasi ya ile alama ya ng'. Mhoja huyu, kwingine ni Muhoja. Nyumbani hakuna anayejali. Kwenye kaunta, ofisa anashika kitambulisho mkono mmoja na orodha ya abiria mkono mwingine, na kazi yake ni kulinganisha.

Unapokata tiketi, usimtajie wakala jina kwa mdomo kupitia simu. Mtumie picha ya kitambulisho au pasipoti utakayosafiri nayo, umwombe aandike kama ilivyo. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi zaidi siku ile ile ya kununua kuliko asubuhi ya safari.

Kwa safari ya ndani, kitambulisho halali chenye picha kinatosha. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa. Kwa safari ya nje, pasipoti iwe imebakiza miezi sita au zaidi, kwani nchi nyingi hazimpokei mwenye pungufu. Uliza pia habari ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano, hivyo kuchanja wiki ya safari ni kuchelewa. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hakiishi muda. Ulichopewa zamani kinakufaa maisha yako yote, ilimradi usikipoteze.

Hatua ya tatu: pima, kisha gawa

Tiketi nyingi za kawaida za ndani huruhusu kilo 23 za mzigo wa kupakia na kama kilo saba za mkononi, lakini cha kufuata ni kilichoandikwa kwenye tiketi yako. Usikisie kwa kunyanyua. Bariadi imejaa mizani: kila anayenunua choroko anayo, na vyama vya ushirika, AMCOS, vinayo, ingawa msimu wa pamba ukipamba moto usimsumbue karani kwa sanduku lako. Ukipima hapa unapunguza ukiwa nyumbani. Usipopima, utapunguza sakafuni mbele ya kaunta, huku kaptula zako zikitazamwa na foleni nzima.

Sasa gawa vitu mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la begi la kupakia. Humo ndimo mnamokaa kisu, mkasi, nyembe, panga dogo ulilomnunulia shemeji, na kila kinachomiminika au kupakwa kilicho kikubwa. Sheria ya kutobeba mkononi chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100 chanzo chake ni Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kulipua ndege kwa kutumia vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Kopo la mafuta ya kujipaka la mililita 250 lililobaki robo bado ni la 250, na litabaki kwenye pipa la ukaguzi. Samli ni kimiminika hata ikiwa imeganda. Asali pia, na siagi ya karanga. Mama yangu mdogo aliwahi kufika na chupa ya samli ya lita nzima mkononi, akamweleza ofisa kwa upole kwamba hiyo si maji, ni chakula. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Samli haikupanda. Safari za ndani wakaguzi wengine hulegeza, lakini usipange safari yako juu ya huruma ya mtu usiyemjua.

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, haina shida kwa ukaguzi wa usalama: ni mikavu, haimwagiki, haikati. Funga vizuri tu. Ukienda nje ya nchi, jua kwamba forodha ya huko inaweza kuuliza habari za vyakula, na dagaa wana tabia ya kujitangaza kwa harufu kabla hujafungua begi.

Fungu la pili ni la mkononi: nyaraka, fedha, dawa zako pamoja na karatasi ya daktari, simu, na pawabenki. Hii ya mwisho ni lazima iwe mkononi, kwa sababu betri za aina hiyo zikishika moto chini ya ndege hakuna wa kuzizima. Kipimo kinachokubalika bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Ya 20,000 mAh ina takriban 74, kwa hiyo inapita. Ikikaribia 27,000 umefika ukingoni, na ile isiyo na maandishi yoyote inaweza kuzuiwa.

Fungu la tatu ni la kuacha. Jino, ngozi, kucha au nyama ya mnyamapori, hata kama babu aliirithi kwa baba yake: tunaishi jirani na Serengeti na Pori la Maswa, na kukutwa na nyara bila kibali ni kesi. Mirungi, vivyo hivyo. Na kifurushi cha mtu mwingine. Atakuja mtu wa heshima, pengine wa kanisani kwenu, akuombe umpelekee ndugu yake kiboksi kilichokwisha kufungwa kwa selotepu. Mwambie afungue, ukione kila kitu kwa macho yako, mfunge pamoja. Akisita, mzigo umebaki.

Hatua ya nne: hesabu kwa kurudi nyuma

Tuchukue ile ndege ya 13:40. Kaunta hufungwa kabla ya kuruka, kwa mashirika mengine dakika 45, kwa mengine saa nzima, na ikifungwa imefungwa hata kama ndege unaiona. Safari ya ndani fika muda wa saa mbili kabla. Ya nje, tatu. Basi unatakiwa uwanjani saa tano na dakika arobaini asubuhi. Rudisha nyuma muda wa saa moja kutoka stendi ya Nyamhongolo mpaka uwanjani, Ilemela, kwa teksi au bajaji. Rudisha nyuma tena muda wa saa nne za Bariadi, Lamadi, Magu, Nyanguge na Kisesa, pamoja na matuta, trafiki na abiria wa njiani. Umefika saa kumi na mbili na dakika arobaini, na hapo gari liwe linatembea, sio linaita abiria. Panda la kwanza kabisa. Ndege ikiwa ya asubuhi, lala Mwanza. Bei ya gesti ni ndogo kuliko tiketi mpya.

Ukiunganisha Dar es Salaam kwenda nje kwa tiketi mbili tofauti, mzigo wako utauchukua mwenyewe, utoke, uhamie Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, uanze upya. Acha nafasi ya nusu siku.

Hatua ya tano: mlangoni, kaunta, mkanda

Viwanja vyetu hukagua mara mbili. Mara ya kwanza ni mlangoni, mizigo yote ikipita kwenye eksirei, na wanaosindikiza huishia hapo. Maombi, machozi na picha za pamoja vimalizwe nje.

Kaunta hutoa pasi ya kupandia na kipande cha kibandiko cha begi. Kitunze kile kipande. Begi likipotea, ndicho ushahidi wako.

Ukaguzi wa pili ndio wa mtu mwenyewe. Ukiwa bado kwenye foleni, toa simu, sarafu, funguo na mkanda wa suruali, uviweke ndani ya begi. Bangili za shaba hupiga kelele. Chuma cha mfupa uliowahi kuvunjika pia, basi mwambie mkaguzi mapema. Kompyuta itoke begini. Viatu, ukiambiwa. Na neno bomu usilitamke, hata kwa utani wa watani.

Ukishapita, tafuta namba ya lango, kaa unapoliona, na usisinzie. Wakiita, nenda. Zima simu ukiwa kitini. Waliokusindikiza watakuwa wanakaribia Nyanguge, wakibishana nani alisahau kukupa ile michembe.