JUMATANO: Jina la Mwenzangu

Soma Waamuzi 12:4–6. 1 Nyakati 4:9, 10. Na Yohana 10:3. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu namna tunavyoyatamka na kuyapokea majina ya wengine?

Kwenye vivuko vya Yordani, watu wa Gileadi waliwapima Waefraimu kwa neno moja. Aliyesema "Sibolethi" badala ya "Shibolethi" aliuawa. Biblia inataja watu 42,000 walioanguka wakati ule, na waliowaua walikuwa ndugu zao, wana wa Israeli.

Watoto wetu hawashiki upanga, lakini kicheko wanacho. Hapa Katavi, benchi moja la Shule ya Sabato laweza kuwa na Mabula, jina la Kisukuma la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto, mapacha. Na Habonimana, ambalo kwa Kirundi husema kwamba Mungu ndiye aonaye. Hajiri naye, akiwa mkimbizi jangwani, alimwita Bwana kwa jina lenye maana kama hiyo (Mwanzo 16:13).

Familia nyingi zenye majina ya Kirundi zilikimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, zikapewa makazi Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia wa Tanzania kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Hata hivyo, mtoto anayechekwa jina lake kila Sabato hujiona bado ni mgeni. Baada ya muda huanza kujitambulisha kwa jina jingine, na ushuhuda ambao wazee wake waliuweka katika jina lile hunyamaza.

Wako pia watoto wanaoitwa Shida, Tabu au Mashaka. Yabesi alipewa jina linalokumbusha huzuni ya mama yake, lakini aliheshimiwa kuliko ndugu zake. Aliomba, na Mungu akamjalia. Mtoto mwenye jina kama hilo asitaniwe nalo. Asimuliwe habari za Yabesi.

Mwalimu afanye nini? Amwombe mzazi amtamkie jina la mtoto, kisha alirudie mpaka mtoto mwenyewe aridhike. Asilikate kwa sababu ni refu. Kila Sabato mtoto mmoja asimame, ataje jina lake, aeleze ni nani aliyempa na lina maana gani. Darasa zima lilitamke kwa furaha, kisha waombe wakimtaja. Asiyejua maana asiaibishwe. Aende nyumbani akamwulize bibi au babu. Na yule ambaye ulimi wake unachanganya r na l asichekwe pia, maana huko ndiko kurudi kwenye vivuko vya Yordani. Kicheko kikitokea, mwalimu asimamishe somo kwa upole, na wote wajaribu tena.

Mchungaji mwema humwita kila kondoo kwa jina lake. Mtoto anayesikia jina lake likitajwa kwa heshima kanisani ataamini kwa urahisi zaidi kwamba Yesu naye analijua.

Ni mtoto gani katika kanisa lako ambaye hujawahi kulitamka jina lake kamili? Utafanya nini kabla ya Sabato ijayo?